Sheria inamjua mama huyu, kliniki bado

Kifungu cha 199 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara kinamhusu mwanamke aliyesababisha kifo cha mtoto wake aliye chini ya umri wa miezi 12. Kinasema kwamba iwapo wakati wa tendo hilo akili yake ilikuwa imevurugika kwa kuwa hajapona sawasawa athari za kuzaa, au kwa sababu ya kunyonyesha, basi hata kama kosa lenyewe lingehesabiwa kuwa ni mauaji ya kukusudia, yeye aadhibiwe kama mtu aliyeua bila kukusudia. Kenya wana kifungu cha 210 chenye maneno karibu yale yale. Uganda nao wanacho cha kwao. Vyote vinafuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1938.

Waliotunga sheria hiyo walipotoka mahali pamoja, maana kunyonyesha hakumpi mtu wazimu. La msingi lakini walilipata: kwamba mwanamke anaweza kuingia leba akiwa na akili zake timamu, akatoka na mtoto mzima mkononi, na siku chache baadaye akawa mgonjwa wa akili asiyejua atendalo. Dola imelikubali jambo hilo kwa miongo mingi. Limeandikwa na kupigwa chapa. Hakimu, wakili na mwendesha mashtaka wote wanalifahamu.

Sasa toka mahakamani, uende kliniki ya mama na mtoto Jumatatu asubuhi. Mjamzito atapimwa presha, uzito, wingi wa damu na mkojo. Atapimwa kaswende na VVU. Atapewa dawa ya kuzuia malaria, vidonge vya kuongeza damu na chandarua. Tumbo litapimwa kwa utepe na mapigo ya moyo wa mtoto yatasikilizwa. Yote hayo ni mema na yameokoa maisha ya wengi. Ila mara nyingi ataingia na kutoka, mimba nzima, pasipo mtu kumuuliza kama analala, kama anapata raha, kama kuna siku anatamani asiamke.

Hoja yangu ni hiyo tu. Tumemwandalia mama huyu nafasi ya kuhurumiwa kizimbani, baada ya maiti kuwepo, lakini hatujamwandalia nafasi ya kusikilizwa zahanati wakati bado kila mtu yu hai.

Nisieleweke vibaya. Mama anayemdhuru mtoto wake ni nadra sana hata miongoni mwa wagonjwa. Walio wengi hawamgusi mtu. Wanaosha nepi, wanapika, wanapokea wageni, wanajibu "salama" wanapojuliwa hali, na ndani yao mna giza. Hao ndio wasiotajwa na sheria wala kadi ya kliniki, na hao ndio wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, asilimia 15.6 ya wajawazito na asilimia 19.8 ya waliojifungua wanapata ugonjwa wa akili, hasa sonona. Ni kama mzazi mmoja kwa kila watano. Utafiti uliofanywa kwa wajawazito wa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta dalili za sonona kwa theluthi moja yao. Kama theluthi moja ya wajawazito wa mkoa wangekutwa na presha ya kupanda, waziri angelala huko.

Mambo matatu tunayoyaita jina moja

Sehemu ya tatizo ni kwamba majumbani tunachanganya mambo matatu tofauti. Tunayachukulia yote kuwa "mawazo ya uzazi", kisha tunayapa dawa moja: uji, usingizi na maneno ya kumtia moyo.

La kwanza ni machozi ya siku za mwanzo. Kuanzia siku ya tatu hadi ya tano hivi baada ya kujifungua, zaidi ya nusu ya wanawake hulia bila sababu ya kueleweka, hukasirika upesi, mara hucheka mara hununa. Homoni zimeshuka ghafla, mwili umechoka, usingizi hakuna. Hali hii haihitaji dawa. Inahitaji mtu wa kumshika mtoto mama alale, na ndani ya wiki mbili huondoka yenyewe.

La pili ni sonona, na hapo ndipo uji unaposhindwa. Dalili zikipita wiki mbili, ujue si yale machozi ya kawaida. Mama hana hamu ya chochote, hata kile alichokuwa akikipenda. Mtoto amelala lakini yeye usingizi haumjii. Anajiona hafai, anaamini mtoto angelelewa vizuri zaidi na mtu mwingine. Wengine hawaonyeshi huzuni kabisa, bali hofu: anamkagua mtoto kama anapumua mara kumi kwa usiku, au anaogopa kubaki naye peke yake kwa sababu picha za kutisha zinamjia kichwani bila kuzitaka. Wengi hulalamikia mwili: kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mgongo unawaka moto. Nesi akisikia hivyo anaandika paracetamol. Tena sonona haisubiri mtoto azaliwe. Kwa wengi huanza wakati wa ujauzito, na inaweza kujitokeza wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza.

La tatu ndilo watu wanaloliita kichaa cha uzazi. Humpata mwanamke mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, na kwa kawaida hulipuka ndani ya wiki mbili za mwanzo, wakati mwingine kwa saa chache tu. Mama haoni haja ya kulala, anazungumza mfululizo au ananyamaza kabisa, anasikia sauti, anasema mtoto si wake au mtoto ametumwa. Asubuhi anaweza kuonekana mzima na jioni hajui yuko wapi. Hii ni dharura kama kutoka damu nyingi. Anayestahili kuitwa kwanza ni daktari, kwa sababu hata vitu vingine vinavyoua, kama maambukizi ya kizazi, malaria kali na kifafa cha mimba, ambacho huweza kutokea hata baada ya kujifungua, huanza kwa kuchanganyikiwa vivyo hivyo. Aliye hatarini zaidi ni mwanamke aliyewahi kuugua hivyo katika uzazi uliopita, au mwenye ugonjwa wa akili unaompandisha na kumshusha hisia. Jambo hilo linajulikana kabla hajajifungua, endapo kuna aliyemuuliza.

Arobaini na siku ya 42

Wapo wanaosema bibi zetu hawakuwa na matatizo haya kwa sababu walikuwa na arobaini. Kuna ukweli ndani yake. Pwani mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akapewa uji wa pilipili manga na supu, akazuiwa kushika ufagio. Kilimanjaro akaletewa mtori na kufungiwa ndani anenepe. Mama mzazi au shangazi alihamia pale nyumbani. Tiba kubwa kuliko zote kwa mwanamke aliyetoka kujifungua ni kulala na kutoachwa peke yake, na mila ilimpa zote mbili bila kumpangia foleni.

Lakini mila hiyo ina mipaka miwili. Wa kwanza ni kwamba wengi hawaipati tena. Binti aliyepanga chumba Mbagala ya Dar es Salaam au Kayole ya Nairobi, mama yake yuko mkoa mwingine, mume anatoka alfajiri na kurudi usiku. Aliyeajiriwa rasmi Tanzania ana haki ya siku 84 za likizo ya uzazi, na mumewe siku tatu. Mwenye genge la nyanya hana hata moja. Arobaini yake ni siku ambazo mtaji unahimili, na mtaji wa nyanya hauhimili wiki mbili.

Mpaka wa pili ni wa hesabu. Arobaini inaisha kwa sherehe: mtoto anatolewa nje, wageni wanatawanyika, shangazi anapanda basi kurudi kwake. Sonona haina kalenda hiyo. Mama aliyekuwa akibebwa na watu sita anaamka siku ya 41 akiwa peke yake na mtoto anayelia, na kila mtu akiamini kwamba amemaliza uzazi. Hata nyumba ambayo mila ilitimizwa yote inaweza kuwa na mgonjwa ambaye hakuna aliyemwona, kwa kuwa mzazi aliyefungiwa ndani haonwi na watu wa nje.

Hapa ndipo pana bahati ambayo hatujaitumia. Ratiba ya Tanzania inamtaka mama arudi kliniki ndani ya saa 48, siku ya 7, ya 28 na ya 42. Chanjo za mtoto nazo zinamleta wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18. Wapo wanaokacha mahudhurio yao wenyewe, lakini chanjo ya mtoto hawaikachi. Kwa hiyo siku zile zile mila inapomwachia, kliniki inampokea. Anakuja kwa miguu yake, amebeba kadi, anakaa kwenye benchi zaidi ya saa nzima. Mtoto anawekwa kwenye mzani, anachomwa sindano, uzito unaandikwa. Mama aliyembeba haulizwi kitu.

Eti ugonjwa wa Wazungu

Pingamizi ninalolisikia mara kwa mara ni kwamba sonona ya uzazi ni ugonjwa wa Wazungu, umekuja na simu za mkononi. Anayesema hivyo aanzie Uganda. Waganda wana jina la ugonjwa wa mzazi aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua: amakiro. Kwa imani ya kale humpata mwanamke aliyetoka nje ya ndoa akiwa mjamzito, na huweza kumfanya atake hata kumla mtoto wake. Daktari wa magonjwa ya akili John Cox, Mwingereza aliyefanya kazi Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwachunguza wajawazito na wazazi wa Uganda, na mwaka 1979 akachapisha makala kuhusu amakiro. Alipotoka Uganda alihamia Scotland, na mwaka 1987, pamoja na Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, alitoa kipimo cha Edinburgh: maswali kumi mepesi kuhusu siku saba zilizopita, ambayo mama anayajibu kwa dakika chache. Leo ndicho kipimo cha sonona ya uzazi kinachotumika zaidi duniani. Mmoja wa waliokitunga alijifunza kazi hiyo kwa wanawake wa Kampala kabla ya wale wa Edinburgh. Ugonjwa ulikuwa kwetu muda wote.

Kilicho chetu hasa ni maelezo tunayoupa, na maelezo hayo yana gharama. Familia ikiamini kwamba mama ameugua kwa uzinzi, itamficha. Ikiamini ni jini au husuda, itamzungusha kwa waganga na wachungaji hadi wiki mbili za thamani kubwa ziishe. Simkatazi mtu kuomba dua. Maombi na hospitali havigombani, na shehe au mchungaji anayesema "nitamwombea, nanyi mpelekeni hospitali leo hii" anafanya kazi kubwa kuliko semina yoyote. Hatari ni pale maombi yanapokuwa sababu ya kuahirisha.

Akijibu ndiyo, nesi afanye nini?

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wauguzi wenyewe. Nesi mmoja ana akina mama 60 asubuhi moja. Aongezewe na maswali ya moyoni? Na mama akijibu ndiyo, ampeleke wapi, ikiwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili yuko Muhimbili, Mirembe au Bugando? Kumwuliza mtu habari ya jeraha lake na kisha kumwacha aende nalo ni ukatili mwingine.

Ni kweli, na ndiyo maana swali lisitangulie njia. Lakini njia hiyo inaweza kuwa fupi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya kazi ya Atif Rahman na wenzake katika vijiji vya Rawalpindi, Pakistan. Wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida waliomaliza sekondari, walifundishwa namna ya kuzungumza na wajawazito wenye sonona: kutambua wazo linalomkandamiza, kulijaribu wazo jingine, kuishirikisha familia, kupanga jambo moja dogo la kufanya hadi ziara ijayo. Walimtembelea kila mmoja mara 16, tangu mwezi wa mwisho wa mimba. Mtoto alipofika miezi sita, waliokuwa bado na sonona katika kundi hilo walikuwa asilimia 23. Katika kundi lililotembelewa bila mazungumzo hayo walikuwa asilimia 53. Hapakuwa na daktari bingwa mlangoni wala kidonge. Shirika la Afya Duniani liliuchukua mwongozo huo na kuutoa kwa nchi zote.

Sisi tunao watu wa kuufanyia kazi. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii unaolenga zaidi ya watu 137,000 kwa miaka mitano. Kenya iliwapeleka wahamasishaji wa afya wa jamii zaidi ya 100,000 vijijini na mitaani mwaka 2023. Hawa wanapita nyumba kwa nyumba na wanajua nani amejifungua. Wakifundishwa lishe, chandarua na chanjo, wafundishwe na hili.

Kwenye kliniki yatosha maswali mawili: katika wiki mbili zilizopita, umekuwa ukijisikia mnyonge, umekata tamaa? Umekuwa huna hamu ya mambo uliyokuwa ukiyafurahia? Akikana yote mawili na uso wake ukikubaliana na maneno, aende zake. Akikubali lolote, akae kando ajibu yale kumi ya Edinburgh, apimwe damu na tezi ya shingo, kwa kuwa upungufu wa damu na hitilafu ya tezi huleta uchovu na huzuni zinazofanana na sonona. Mwenye dalili za kati apate wa kuzungumza naye. Aliyezidiwa apelekwe kituo cha afya au hospitali ya wilaya, ambako dawa kama fluoxetine na amitriptyline si ngeni. Wapo wanaonyimwa dawa kwa kuwa wananyonyesha, ilhali dawa kama sertraline hupita kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Na wapo wanaoachishwa dawa zao za zamani ghafla mara mimba inapoonekana, wakaugua upya vibaya zaidi. Dawa ya kuogopwa kweli ni valproate, inayotumika kwa kifafa na kwa magonjwa ya hisia, kwa sababu inadhuru mtoto tumboni. Mwanamke anayeitumia aonwe na daktari kabla hajashika mimba, na asijiachishe mwenyewe.

Kwa anayesema kliniki zetu haziwezi kuuliza mambo ya siri namna hiyo, namkumbusha VVU. Wapo wanaokumbuka enzi ambazo kumwambia mjamzito apime lilikuwa jambo la kunong'onezana. Leo ni kipimo cha hudhurio la kwanza. Nesi yule yule mwenye foleni ya watu 60 alijifunza kutoa ushauri nasaha, kumwita mume, kumwanzishia mama dawa na kumfuatilia akipotea. Aliweza kwa sababu alifundishwa, akapewa dawa, na kwenye kadi pakawekwa mahali pa kuandika majibu. Kisichokuwa na nafasi kwenye kadi, kwa kliniki ni kama hakipo.

Mume na Kanuni ya Adhabu

Mazoea yale ya kumwita mume kliniki yanatupa fursa nyingine. Mume huja hudhurio la kwanza, anapima, harudi tena. Siku hiyo moja aelezwe dalili, kwa sababu yeye ndiye atakayelala chumba kimoja na mgonjwa. Aelezwe na lingine asilopenda kulisikia: utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanawake waliofanyiwa ukatili na wenza wao wakati wa ujauzito walikuwa katika hatari ya zaidi ya mara tatu ya kupata sonona baada ya kujifungua. Hakuna kidonge kinachomponya mwanamke anayerudi jioni kwenye kipigo. Nesi anayeuliza habari za usingizi aulize pia kama nyumbani ni salama, na aulize mume akiwa nje ya chumba.

Na serikali ijitazame. Swali la kumi la kipimo cha Edinburgh linamuuliza mama kama amefikiria kujidhuru. Ndilo swali muhimu kuliko yote, maana jibu lake linaweza kuwa suala la uhai. Lakini kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfanya aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mama aliyewahi kunywa sumu akaokolewa anajua kwamba kusema ukweli kunaweza kumfikisha polisi, basi anasema hapana. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume na Katiba. Bunge letu halihitaji kusubiri mahakama. Likifute, ili jibu la swali la kumi liwe jibu la kweli.

Wizara ya Afya nayo iyaweke maswali mawili kwenye kadi, kuanzia hudhurio la kwanza la ujauzito hadi chanjo ya mwezi wa 18, na kila wilaya imteue mtu anayejulikana kwa jina wa kupokea wanaokutwa na dalili. Vyuo vya uuguzi viwatahini wanafunzi katika hili kama vinavyowatahini katika kutoka damu baada ya kujifungua.

Wewe msomaji usiisubiri kadi mpya. Wikiendi hii wengi wetu tutakwenda kumwona mzazi. Mpe mtoto zawadi yake, kisha kaa na mama. Muulize anapata usingizi mtoto akilala, anakula, na kichwani mwake mna nini. Akilia, usimwambie anyamaze maziwa yasije yakakauka. Akisema anatamani kufa, au anaogopa kumdhuru mtoto, au maneno yake hayaeleweki, asiachwe peke yake hata dakika moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kama ni ile huzuni iliyozidi wiki mbili, msipange tu kwamba "ataenda wiki ijayo". Panga ni nani atambeba mtoto kesho asubuhi kwenye foleni ya zahanati, na ukikosa wa kumtaja, basi ni wewe.